Zikiwaka, Zitazimika? Shajara ya Mradi wa Seli za Gegedu

Januari, mwanzoni

Kibali cha maabara kimetoka na benchi ni letu hadi mwisho wa mwaka. Kazi yenyewe ni hii: kuchukua seli shina za panya (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), kupachika jeni ya dawa ndani ya vinasaba vyake, kisha kuzikuza mpaka ziwe gegedu. Gegedu hilo likikutana na uvimbe litoe dawa lenyewe; uvimbe ukiisha, liache. Kutoa dawa kumeshaonyeshwa na wengine. Kuacha ndiko kulikonifanya niombe nafasi katika kundi hili, na ndiko nitakakokufuatilia zaidi katika shajara hii.

Njia tunayoifuata ilizaliwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis. Mwaka 2017 Jonathan Brunger, Farshid Guilak na wenzao, wakishirikiana na Charles Gersbach wa Chuo Kikuu cha Duke, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba seli shina zilizohaririwa zinaweza kuutambua uvimbe na kuujibu zenyewe, bila sindano ya daktari. Waliziita seli SMART. Sisi tuko Uingereza, kundi dogo, na tumeamua kuijenga upya seli ile kwa mikono yetu kabla ya kuiuliza maswali yetu.

Kwa msomaji asiye wa fani hii: gegedu ni lile tabaka jeupe, gumu kiasi na lenye utelezi, linalofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Aliyewahi kutenganisha paja la kuku na mguu wake amelishika kwa vidole. Kwenye goti la mtu mzima unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Sehemu yake kubwa ni maji, asilimia 65 hadi 80, yaliyoshikiliwa na nyuzi za kolajeni ya aina ya II na molekuli kubwa ziitwazo agrekani. Seli hai zilizomo ni chache mno. Likichubuka au kulika, hakuna damu ya kuleta seli za kuziba pengo. Daktari William Hunter wa London aliliandika jambo hilo mwaka 1743, na hadi leo hakuna kidonge wala sindano iliyoidhinishwa ya kusimamisha kusagika kwake.

Na wenye shida hii si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 waliishi na ugonjwa wa kusagika kwa viungo, na milioni 18 wengine na baridi yabisi ile inayosababishwa na kinga ya mwili kuvishambulia viungo vyake yenyewe. Ni magonjwa mawili tofauti kwa chanzo, lakini ndani ya kiungo yanakutana kwenye saitokini mbili, yaani protini ambazo seli hutumiana kama ishara za uvimbe: IL-1 na TNF. Hizo ndizo zinazoiamrisha seli ya gegedu imwage vimeng'enya, hasa MMP-13 na ADAMTS-5, vinavyokatakata kolajeni na agrekani. Gegedu linaliwa na seli zake lenyewe.

Januari, mwishoni

Siku nzima tumekaa na ramani ya jeni mezani. Anayetaka seli ijiamulie lazima ajibu mambo mawili: itoe dawa gani, na iwashwe na nini.

Dawa tumechagua IL-1Ra. Ni protini ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Inakaa kwenye kipokezi cha IL-1 bila kukichokoza, na hivyo IL-1 ikifika inakuta nafasi imeshachukuliwa. Ya hospitali inaitwa anakinra, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Tatizo lake ni kwamba haikai mwilini: baada ya saa 4 hadi 6 nusu yake imeshaondoka, kwa hiyo mgonjwa hujidunga miligramu 100 kila siku, awe na maumivu siku hiyo au asiwe nayo. Dawa inapanda na kushuka kwa ratiba ya sindano, ilhali ugonjwa una ratiba yake.

Swichi ni jeni ya Ccl2, iliyoko kwenye kromosomu ya 11 ya panya. TNF au IL-1 ikiigusa seli, protini iitwayo NF-kB huingia ndani ya kiini na kuwasha jeni nyingi kwa pamoja, na Ccl2 ni miongoni mwa zinazoitika haraka na kwa nguvu. Kazi yake ya kawaida ni kuziita seli nyeupe za damu zije mahali penye vita, jambo ambalo ndani ya goti linaongeza moto. Kwa hiyo tukiiweka jeni ya IL-1Ra pale Ccl2 inapoanzia, tunapata mara mbili: wito wa vita unanyamaza, na mahali pake inatoka dawa. Kukata tunatumia CRISPR na kimeng'enya cha Cas9, ile njia ambayo Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna waliieleza mwaka 2012 na kupewa Nobeli ya kemia mwaka 2020. Seli ikishakatwa vinasaba inatafuta kiolezo cha kujishonea. Sisi tunaipa kiolezo chenye jeni yetu katikati.

Kinachonipendeza katika mpango huu ni kwamba hatuingizi swichi ngeni. Tunaazima njia ambayo seli imekuwa nayo tangu zamani. Ni sawa na boya la tangi la maji juu ya paa: halihitaji mtu wa kulisimamia, maji yakipungua linafungua, yakijaa linafunga. Ila kila aliyeishi na tangi anajua kwamba boya bovu hulijui asubuhi linapofungua. Unalijua usiku, maji yanapomwagika ukutani.

Februari, katikati

Kloni, yaani makundi ya seli ambayo kila moja limezaliwa na seli moja, zimeota. Seli tulizoanza nazo ni seli shina zilizorudishwa utotoni, za aina ile ambayo Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi waliitengeneza Kyoto mwaka 2006 kutoka seli za kawaida za panya. Faida yake ni kwamba zinazaliana karibu bila kikomo, kwa hiyo unaweza kuhariri seli moja, ukaichunguza mpaka uridhike, kisha ukaizalisha mpaka ikutoshe. Seli za uboho au za mafuta hazikupi nafasi hiyo. Zinachoka kabla hujamaliza kuzikagua.

Kuchuma kloni ni kazi ya subira. Unainama kwenye hadubini, unatafuta kundi dogo la seli lenye ukingo unaong'aa, lililojikusanya vizuri bila seli za pembeni kutawanyika, halafu unalivuta na ncha ya pipeti bila kugusa la jirani. Kipimo cha vinasaba kiitwacho PCR kimegawa kloni zetu mafungu matatu: zisizo na jeni yetu kabisa, zilizoipokea kwenye nakala moja ya kromosomu, na chache zilizoipokea kwenye nakala zote mbili. Tunabaki na mafungu yote. Yale yasiyo na jeni ndiyo mashahidi wetu, kwa sababu yamepita mkasi uleule na sahani zilezile.

Kloni moja iliyokuwa inakua haraka kuliko zote na kuonekana nzuri kuliko zote tumeitupa. Panya ana kromosomu 40. Hii ilikuwa na 41, kromosomu ya 8 ikiwa imezidi. Kwa seli shina za panya ni hitilafu inayojulikana sana, na ndiyo hasa inayozipa ile kasi ya kukua inayovutia macho. Seli inayokimbia namna hiyo huwezi kuifikiria ndani ya kiungo cha mtu.

Msimamizi wetu, Profesa, amesisitiza jambo lingine ambalo naliunga mkono kwa moyo wote: utambulisho wa seli ukaguliwe sasa, na ukaguliwe tena kila tunapotoa chupa kwenye naitrojeni baridi tunamozihifadhi. Habari ya Invossa inatosha kuwa sababu. Dawa hiyo ya goti iliidhinishwa Korea Kusini mwaka 2017. Ilikuwa mchanganyiko wa seli za gegedu za kawaida na seli zilizopachikwa jeni ya TGF-β1, protini ya kuchochea ukuaji, ambazo zilipigwa mionzi zisiweze kugawanyika. Mwaka 2019 ilibainika kwamba zile zilizopachikwa jeni hazikuwa za gegedu hata kidogo. Asili yake ilikuwa ukoo wa seli za figo ziitwazo 293, zinazotumika maabara duniani kote. Wakati huo wagonjwa zaidi ya 3,000 walikuwa wameshadungwa. Kibali kilifutwa mwaka huohuo. Kipimo cha alama za vinasaba ambacho kingegundua jambo hilo mapema ni cha siku chache na si cha gharama kubwa. Nimekiweka kwenye ratiba yetu kwa wino mwekundu.

Machi

Mwezi wa vidonge: si vya kumeza, bali viduara vidogo vya gegedu tunavyovikuza. Seli shina hazijui kuwa gegedu mpaka zielekezwe. Tunazianzishia na BMP-4, protini ya kuchochea ukuaji, zikiwa zimesongamana, tunachagua zile zilizoanza kutengeneza kolajeni ya aina ya II, kisha tunahesabu seli 250,000, tunaziweka kwenye mrija wenye kitako chembamba na kuzizungusha kwenye mashine mpaka zitue chini. Kuanzia hapo unaziacha. Kesho yake ule utando uliolala kitakoni unakuwa umejikunja wenyewe na kuwa kiduara kama cha kichwa cha pini, kinaelea ukitikisa mrija.

Chakula chake kinabadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu: midia yenye TGF-β3 nanogramu 10 kwa mililita, deksamethasoni kidogo, vitamini C na prolini. Vitamini C si pambo. Bila hiyo nyuzi za kolajeni hazisukiki sawasawa. Ukichelewa kubadilisha, midia inaacha uwaridi wake na kuwa njano, maana seli zimeshaitia tindikali.

Baada ya wiki tatu kidonge kinakuwa kimepanuka, cheupe, chenye mng'ao wa lulu. Ukikibana na koleo ndogo kinateleza na kuruka. Hapo moyo unatulia, kwa sababu seli peke yake hazina ugumu. Ugumu ule ni wa agrekani na maji iliyoyavuta. Tumekikata vipande vyembamba mno na kuvipaka rangi ya Safranin-O, ambayo hushika mahali penye agrekani. Vipande vyote vimewiva wekundu kutoka katikati hadi karibu na ukingo, vya seli zilizohaririwa sawa na vya mashahidi. Maana yake uhariri haukuinyima seli uwezo wa kuwa gegedu. Hilo lilikuwa lazima lijulikane kabla ya yote.

Machi, mwishoni

Nimempigia simu shangazi yangu Tanga. Magoti yake yana miaka mingi ya mateso, na siku hizi ngazi za mahakamani anazipanda kwa upande.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mama yako kaniambia huko mnaotesha magoti."

Nikamweleza pole pole: bado ni vidonge vidogo kwenye mirija, seli ni za panya, na kutoka hapa hadi kwa mtu kuna miaka. Sikutaka ajenge matumaini ya mwakani. Alisikiliza, akaguna, kisha akauliza swali ambalo limenikaa kichwani tangu jana: "Na sisi tuliowahi kuugua kifua, hiyo dawa tunaruhusiwa?"

Shangazi alitibiwa kifua kikuu akiwa kijana, akapona. Swali lake ndilo swali la Afrika Mashariki nzima kuhusu dawa hizi. TNF hiyohiyo inayokula gegedu ndiyo inayosaidia mwili kujenga ukuta kuzunguka vimelea vya kifua kikuu na kuvifungia humo. Mwaka 2001 madaktari waliripoti wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuanza infliximab, dawa inayoizuia TNF, na wengi wao kilikuwa kimetoka nje ya mapafu. Tangu hapo hakuna anayepaswa kupewa dawa ya aina hiyo bila kupimwa kwanza. Katika nchi ambako vimelea vilivyolala vimo ndani ya watu wengi, dawa ya kuzuia TNF inayomwagwa mfululizo na seli zisizozimika ni hatari ambayo sitaki kuwa na mkono ndani yake.

IL-1Ra ina unafuu upande huo. Hatari yake ya kuamsha kifua kikuu ni ndogo kuliko ya vizuizi vya TNF, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuichagua. Lakini swali linabaki na upande wa pili ambao nimeuleta kwenye kikao leo. Seli yetu haijui uvimbe umetoka wapi. TNF hupanda kwa baridi yabisi, na hupanda pia kwa malaria. Mgonjwa wa Tanga mwenye seli hizi chini ya ngozi, akipata homa kali, seli zitawaka kwa ajili ya homa. Je, baada ya homa zitazimika kwa muda gani? Kwa wenzangu waliokulia hapa swali hilo lilikuwa geni, wakaniomba niliandikie mpango wa majaribio. Nimeuandika usiku huohuo.

Aprili

Kuwasha kumekwenda vizuri, nitaandika kwa ufupi. Tumezipa seli TNF kwa viwango mbalimbali, kutoka kidogo sana hadi nanogramu 20 kwa mililita, na kupima IL-1Ra kwenye midia kwa ELISA, kipimo kinachoonyesha wingi wa protini kwa rangi. Sahani ile ina visima 96. Visima vya mashahidi vilibaki vyeupe kabisa, vya seli zilizohaririwa vikaingia ubuluu hatua kwa hatua kadiri TNF ilivyoongezeka, na tulipotia tindikali ya kusimamisha vikageuka njano papo hapo, kutoka njano hafifu hadi njano iliyoiva. Seli inajibu kwa kipimo cha inachoulizwa. Bila TNF inatoa kidogo mno, karibu na sifuri.

Kisha vidonge. Tumevipa IL-1, saitokini inayokula gegedu kwa ukatili kuliko zote tulizonazo, tukavikata na kuvipaka rangi. Vya mashahidi vimepauka, Safranin-O haikupata pa kushika, na kwenye midia yake kumejaa mabaki ya agrekani. Vya seli zilizohaririwa vimebaki vyekundu. Hapa boya linafanya kazi kwa ukamilifu, kwa sababu dawa inakiziba kipokezi kilekile ambacho kengele imepita. Tukizipa TNF hali ni tofauti: IL-1Ra haiizuii TNF, kwa hiyo kengele inaendelea kulia. Kundi la St. Louis liliijengea TNF seli ya pili yenye kipokezi huru kiitwacho sTNFR1, ambacho huinasa TNF kabla haijafika kwenye seli. Yetu haina hicho. Matokeo yetu ya kuwasha yanaelekea kulekule kwao, na mimi nimefurahi, lakini hakuna jipya tulilolisema bado.

Mei

Sasa kuzima. Nimeusubiri mwezi huu tangu Januari.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kupima kuzima si kupima kiasi cha dawa kilichomo kwenye kisima. Dawa iliyokwishatoka haipotei kwenye midia. Ukipima baada ya siku utaikuta palepale na kudhani seli bado inafanya kazi. Kinachotakiwa ni kasi. Kwa hiyo tunaziosha seli, tunaweka midia mpya isiyo na TNF, tunaikusanya baada ya muda mfupi, tunaweka nyingine, tunaikusanya, usiku na mchana. Dada mmoja Mkenya anayefanya shahada yake ya uzamili hapa amejitolea zamu ya alfajiri. Bila yeye kazi hii isingewezekana, na jina lake litakuwamo kwenye kazi itakayochapishwa.

Seli zilizolala bapa kwenye sahani zinazima upesi. Ndani ya siku moja kasi yake imerudi karibu na mwanzo. Hilo halishangazi, kwa sababu NF-kB ina breki zake za asili: miongoni mwa jeni inazowasha zimo IkBα na A20, ambazo kazi yake ni kuirudisha NF-kB nje ya kiini na kuizuia. Seli huanza kujizima wakati uleule inapowaka. Tulipoazima swichi ya asili tuliazima na breki yake, na kwangu hilo ndilo jambo la thamani kubwa kuliko yote katika muundo huu.

Vidonge havizimi hivyo. Kasi inashuka, lakini kwa mwendo wa kujivuta, na siku kadhaa baada ya kuondoa TNF bado dawa inachuruzika. Kikao kizima kimeishia kwenye mchoro huo. Maelezo yanayowezekana ni matatu. Huenda dawa imeshatengenezwa na imenaswa ndani ya utando wa gegedu, sasa inavuja taratibu. Huenda TNF ndiyo iliyonaswa humo, kwa hiyo kuosha kwetu nje hakuondoi kitu na seli za ndani bado zinachokozwa. Au huenda seli zimeanza kuchokozana zenyewe kwa saitokini zao, moto umeshika na hauhitaji tena kiberiti.

La tatu ndilo ninaloliogopa. La kwanza halina madhara makubwa. La pili linaeleweka. La tatu lingemaanisha kwamba gegedu letu linaweza kuugua lenyewe.

Mei, mwishoni

Tumeyatenganisha. Baada ya kuondoa TNF, vidonge vya kundi moja tumevisaga na kupima RNA ya IL-1Ra badala ya protini, maana RNA inatuambia seli inaagiza nini sasa hivi. Kundi jingine tumeliwekea kingamwili inayoikamata TNF popote ilipojificha. La tatu tumelipima saitokini ambazo seli zenyewe zinaweza kuwa zimetoa.

RNA imeshuka mapema, mapema kuliko protini. Maana yake amri imeshasitishwa, na sehemu kubwa ya kinachochuruzika ni akiba iliyokwishatengenezwa. Kingamwili ya TNF imefupisha mkia wa mchoro kiasi, kwa hiyo na TNF iliyonaswa ina mchango wake. Upande wa seli kuchokozana, saitokini iitwayo IL-6 imepanda kipindi cha TNF na kushuka pamoja nayo. Hatujaona moto unaojiendeleza. Tumerudia kwa kloni nyingine, moja ya nakala mbili na moja ya nakala moja, na mwelekeo ni uleule. Yenye nakala mbili inatoa dawa nyingi zaidi na akiba yake inachukua muda mrefu zaidi kuisha.

Kutokana na hapo nimebadilisha msimamo wangu juu ya kloni. Wengi katika kundi walipendelea ile ya nakala mbili kwa sababu namba zake za kuwasha zinavutia. Mimi nimetetea ile ya nakala moja. Dawa yake inatosha kulilinda gegedu dhidi ya IL-1, na inarudi kwenye utulivu mapema. Tumebishana kwa heshima, Profesa akasikiliza pande zote, na tumekubaliana kloni zote mbili ziende mbele, lakini ripoti ya kila moja ianze na mchoro wa kuzima, siyo wa kuwasha.

Juni

Nimetumia wiki hii kusoma nyuma, kabla ya kuandika ombi la wanyama. Jaribio la kwanza la tiba ya jeni ya viungo kwa binadamu lilianza mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Pittsburgh, chini ya Christopher Evans na Paul Robbins. Walichukua seli kutoka kwenye viungo vya wanawake 9 wenye baridi yabisi, wakazipachika jeni ya IL-1Ra kwa virusi, wakazirudisha kwenye vifundo vya vidole. Vifundo hivyo vilikuwa tayari kwenye ratiba ya kutolewa na kuwekwa vya bandia wiki moja baadaye, kwa hiyo baada ya upasuaji waliweza kuvichunguza na kuthibitisha kwamba jeni ilifika na ilifanya kazi. Nimewaheshimu sana kwa mpango huo. Lakini jeni yao haikuwa na swichi; iliwaka muda wote. Kazi ya sasa inajaribu kuongeza kile kilichokosekana.

Mwaka 2021 kundi la St. Louis liliziweka seli zao kwenye kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki inayoyeyuka mwilini, wakakipandikiza chini ya ngozi ya panya waliodungwa seramu inayoleta baridi yabisi. Uvimbe wa viungo ulipungua, na mifupa ikanusurika kuliwa. Mwaka huohuo walionyesha swichi nyingine isiyotegemea saitokini, bali kubanwa kwa gegedu mtu anapotembea, kupitia mlango wa seli uitwao TRPV4. Kwa goti lililosagika, ambalo uvimbe wake ni mdogo lakini mzigo wake ni mkubwa, naona swichi hiyo ina mantiki zaidi kuliko yetu. Na kwa mgonjwa wa pwani ina faida ya ziada: malaria haibonyezi goti.

Upande wa seli za binadamu tumeanza kwa tahadhari. Kundi hilohilo lilionyesha kwamba seli shina za binadamu zinapoelekezwa kuwa gegedu, baadhi hupotea njia na kuwa seli za neva au za rangi ya ngozi, na kwamba kuizuia njia ya ishara za seli iitwayo WNT hupunguza upotevu huo. Tumeongeza kizuizi hicho kwenye midia, na vipande vya kwanza vinapata rangi sawasawa zaidi.

Gharama siwezi kuinyamazia. Tiba ya kwanza ya CRISPR kuidhinishwa, ile ya selimundu, ilipata kibali Uingereza Novemba 2023, na Marekani bei yake ilitajwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Seli zinazotengenezwa upya kwa kila mtu hazitafika Tanga. Gegedu lina bahati moja: kukosa mishipa ya damu kunalifanya lisishambuliwe sana na kinga ya mwenyeji, na ndiyo maana Wajapani wamethubutu kupandikiza gegedu lililotokana na seli shina za mtu mwingine. Kloni moja iliyokaguliwa vizuri ikiweza kuhudumia wengi, hesabu inabadilika kabisa. Nimelitia kwenye ombi kama lengo la mwaka wa pili.

Kuhusu wanyama, sheria ya hapa ya mwaka 1986 inataka leseni tatu: ya mtu, ya mradi na ya jengo. Ya mradi ndiyo tunayoisubiri. Tumekubaliana na tumeandika kwenye ombi: kidonge ambacho RNA yake ya IL-1Ra haijarudi kwenye kiwango cha mwanzo baada ya TNF kuondolewa hakiingii kwa panya, hata kama kinatoa dawa nyingi kiasi gani.

Wakati leseni inasubiriwa tunaanza jaribio nililoliandika mwezi wa Machi. Vidonge vitapewa mchanganyiko wa saitokini tatu, TNF, IL-6 na interferoni gama, kupanda na kushuka kwa mawimbi kama homa ya malaria inavyopanda na kushuka, kisha tutafuata mkia wa kila wimbi. Midia imeshaandaliwa, na vidonge vya kloni zote mbili viko kwenye inkubeta. Jumatatu vinatimiza wiki tatu.